Dakika Nne za Kimya

1

Sauti yangu ilikuwa haijawahi kwenda hewani. Miaka kumi na tisa niko Redio Kwemlindi, na kazi yangu ni kuhakikisha sauti za wenzangu zinafika. Mimi ni fundi. Nakaa chumba cha mitambo na bisibisi yangu, na upande wa pili wa dirisha anakaa mtangazaji wetu, Erasto Mahonge, anaongea na mlima mzima. Msikilizaji mmoja tu ndiye aliyewahi kunikumbuka: Bi Mwantumu Hoza wa kule Bondeni. Kila Jumamosi alituma kadi ya salamu yenye majina ishirini na kitu, na mwisho kabisa akaandika, "na fundi wetu ambaye hatumsikii." Erasto akifika hapo hunikonyeza. Mimi hujifanya nahangaika na waya, lakini jamani, nilikuwa naisubiri hiyo Jumamosi kama mtoto anavyosubiri Idi.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi, siku ya sita ya mvua. Saa tatu asubuhi Kipande cha Saba cha shamba la chai kiliachia. Miche, njia, mnara wa simu, vyote vikashuka korongoni. Simu zikafa pale pale. Mlima mzima ukabaki na redio yetu, pamoja na simu mbili za upepo za shamba, moja kwa nyapara na nyingine mezani kwangu.

Ile ya mezani ikakoroma.

"Hidaya! Dada Hidaya, unanipata?" Alikuwa nyapara, Bwana Shemndolwa.

"Nakupata, mghoshi. Sema." Huku kwetu mlimani mwanaume wa heshima huitwa mghoshi.

"Nimeita majina. Vijibu vya wachumaji vilivyoingia Kipande cha Saba leo ni ishirini na viwili. Watu waliotoka ni ishirini. Wawili wako chini."

"Akina nani?"

Nikamsikia akiita jina tena kwa mbali.

"Felista Kaoneka," akasema. "Na mdogo wako. Mwanaidi."

"Umemwita vizuri?"

"Nimemwita mara tatu. Wenzake wote wako hapa mbele yangu. Wamenyamaza tu, wanaangaliana."

Hapo ndipo ningepaswa kuuliza. Kwa nini wanaangaliana? Nani amenyamaza na kwa nini? Sikuuliza. Nilishamwona mdogo wangu chini ya tope, na kichwa changu hakikuwa na nafasi ya kitu kingine.

2

Kijibu ni kitu kidogo, ukubwa wa kifungo cha koti. Mchumaji anakibana kwenye aproni asubuhi na kukivua jioni. Hakina betri, hakichajiwi, hakina cha kuharibika. Mawimbi ya redio yetu yanapita kila mahali mlimani, na kijibu kikipigwa na mawimbi hayo kinayarudisha yakiwa na mtikisiko mdogo, na mtikisiko huo ndio namba yake. Sisi tunaongea, chenyewe kinaitika kwa pumzi yetu wenyewe. Kila mbuzi wa Kwemlindi ana kijibu sikioni, kila chupa ya dawa pale zahanati inacho. Milingoti ya kupokea niliisimika mimi kwa mikono yangu, na shamba likaacha kuita majina asubuhi kwa sababu skrini yangu ilijua kila mtu yuko wapi.

Ilijua, lakini si kila kitu. Wachumaji wana desturi yao, wanaiita kubebeana. Mtu akiwa na msiba, au mtoto mgonjwa, anampa mwenzake kijibu. Mwenzake anabana viwili kwenye aproni moja, anachuma kwa haraka, na jioni majani yanapimwa kwa majina mawili. Nyapara hakujua. Mimi nilijua tangu mwaka wa kwanza, maana skrini ilinionyesha namba mbili zikitembea bega kwa bega kutwa nzima, zikipinda pamoja, zikinywa maji pamoja. Sikumwambia mtu. Nilicheka peke yangu, nikajiona mwema kweli kweli.

Basi nikaigeuza ile milingoti iliyobaki kuelekea kwenye tope. Udongo uliolowa unameza mawimbi. Juu ya ardhi kijibu kinasikika hata Erasto akipiga kelele namna gani, mashine inaiondoa sauti yake na kubakiza namba. Chini ya tope ni shughuli nyingine. Kinachorudi ni kidogo mno, na sauti ya Erasto iliyopanda juu ya wimbi inakifunika, ni kama kumsikiliza mtu anayekunong'oneza wakati ngoma ya harusi inalia. Niliona vitu vikichungulia kwenye skrini na kuzama. Tarakimu: nne. Kisha moja. Kisha hakuna.

Dawa yake niliijua. Wimbi libaki, sauti iondoke. Mtambo uendelee kurusha, lakini mtupu, bila neno. Na iwe dakika nne mfululizo, kwa sababu mashine inakusanya minong'ono hiyo mmoja mmoja na kuijumlisha. Mtu akiongea katikati, yote inamwagika, unaanza upya.

Tatizo ni kwamba Erasto alikuwa na kazi yake. Ufa mwingine ulikuwa umefunguka juu ya Bondeni, na watu mia tatu walikuwa wakihama na watoto na vifurushi. Studio yetu iko kileleni. Kwa darubini aliliona bonde lote, nyumba, njia panda, daraja la Mto Mkolo upande wa kushoto, na upande wa kulia njia ya shule inayopanda mlima. Alikuwa akiwaongoza watu wa mle bondeni kwa majina yao, kila kundi lenye redio. Nikasubiri afunge maiki kuvuta pumzi, nikaingia.

"Nipe dakika nne za kimya."

"Kimya cha nini?"

"Mwanaidi kafukiwa. Na Felista. Vijibu vyao vinaitika lakini wewe unavifunika."

Erasto akavua vidude vya masikioni. Yeye ndiye aliyetangaza harusi ya Mwanaidi, akaitangaza mara tatu kwa furaha wakati tulimwomba mara moja. Nikaona macho yake yanajaa.

"Hidaya, dada yangu," akasema. "Mto unapanda. Daraja silielewi. Nimewaambia wote wakifika njia panda wasimame, nitawaambia pa kupita. Nikinyamaza sasa nitawaua."

"Na mimi?"

"Nipe nusu saa. Wakishapanda wote, chukua hata siku nzima."

"Nusu saa chini ya tope? Erasto, unajua unachosema?"

"Najua," akasema, na machozi yakamtoka kweli. "Nusu saa, Hidaya. Tafadhali."

Nilimtazama. Alikuwa na haki, na nililijua hilo wakati ule ule, sitaki kusema nililijua baadaye.

"Sawa," nikasema.

Nikarudi chumba cha mitambo, nikafunga mlango, nikachomoa waya unaotoka studio kwenda kwenye mtambo.

3

Erasto hakujua. Masikioni mwake anajisikia kutoka kwenye meza yake mwenyewe, haijalishi kama sauti imetoka nje au haikutoka. Aliendelea kuongea. Nilimwona kupitia dirishani, midomo inakwenda, mkono mmoja kwenye darubini. Hewani palikuwa na wimbi tupu, safi kabisa. Sijawahi kuliona safi namna ile.

Dakika ya kwanza haikuleta kitu. Nikaomba Mungu kwa sauti, peke yangu mle ndani, nikimwahidi mambo ambayo siyakumbuki.

Dakika ya pili zikaja tarakimu. Nne, moja. Nne, tatu. Ni namba mbili, si moja! Ya Mwanaidi inaanza na nne na moja. Ya Felista, nne na tatu. Zilikuwa mahali pamoja, karibu kabisa, hatua sifuri kati yao. Nikalia. Nikasema wameshikana, masikini. Wamekumbatiana huko chini, wanangojana. Mimi niliyeona namba mbili zikitembea bega kwa bega kwa miaka yote ile, nikijua maana yake nini, siku ile nikaona watu wawili wamekumbatiana.

Mahali penyewe palikuwa bado hapajatulia. Skrini ilionyesha duara pana, ukubwa wa uwanja wa mpira, na kila sekunde lilikuwa likijikunja. Kwa watu wenye majembe, uwanja wa mpira ni bure.

Dakika ya tatu nikainua macho, na Erasto alikuwa amesimama.

Sikilizeni. Erasto hasimami. Miaka kumi na tisa namwona anatangaza akiwa amekaa, hata siku mama yake alipofariki alitangaza akiwa amekaa. Sasa alikuwa wima, kiti kimeanguka nyuma yake, mdomo umefunguka wote, anapunga mkono dirishani kana kwamba anamfukuza mtu. Sikumsikia, ukuta ni mnene. Lakini hakuna fundi mjinga kiasi hicho. Nilijua kuna jambo kule bondeni na nilijua hakuna anayemsikia. Waya ulikuwa mkononi mwangu. Kuuchomeka ni kazi ya sekunde moja.

Nikatazama skrini. Duara lilikuwa limebaki ukubwa wa chumba na sebule. Ilikuwa imebaki dakika moja.

Nikainamisha kichwa, nisimwone Erasto.

Duara likajikunja, likawa kitanda, likawa mkeka. Nikashika simu ya upepo. "Mghoshi! Hatua kumi na mbili chini ya jiwe jeupe, upande wa kulia, karibu na mti ulioanguka. Wote wawili wako pamoja. Chimbeni kwa mikono!" Kisha nikauchomeka waya.

Kupitia spika ya ukutani nikamsikia Erasto. Alikuwa amekauka sauti. "Rudini," alikuwa anasema. "Rudini, rudini, rudini." Halafu akaacha kusema, akakaa chini sakafuni, maana kiti kilikuwa kimeanguka.

Baada ya muda akajikusanya, akainuka, akawaambia waliobaki wapite njia ya shule. Aliwaambia kwa utulivu, mara nne. Alipofunga maiki nikaenda mlangoni.

"Walinisikia," akaniambia. "Niliwaambia wasipite darajani, Hidaya. Niliwaambia tangu hawajalifikia. Wakapita tu. Watu watatu. Mbona hawakunisikiliza?"

Nikarudi chumba cha mitambo. Nikafunga mlango.

4

Saa nne kasorobo simu ya upepo ikalia.

"Tumempata!" Shemndolwa alikuwa akilia na kucheka. "Mzima! Mguu umevunjika lakini anaongea!"

"Nani?"

"Felista. Alikuwa chini ya tenga lake, tenga lilimwekea hewa."

"Na Mwanaidi?"

Nikasikia sauti za wanawake nyuma yake, wote kwa mpigo, na yeye akiwafokea wanyamaze.

"Dada," akasema, "Felista ana vijibu viwili kwenye aproni."

Nikakaa. Nilielewa kila kitu kwa wakati mmoja.

"Wanasema Mwanaidi hakuja shambani leo," akaendelea. "Alimpeleka mtoto zahanati Bondeni, ana homa tangu jana. Felista alimbebea. Wote walijua, na mimi nikiita jina wakaninyamazia usoni! Wanasema waliogopa nitamfukuza kazi. Ebo! Mtu yuko chini ya mlima, wao wananificha utoro!"

Aliendelea kufoka. Nikasema asante, nikaweka simu mezani. Bondeni. Mdogo wangu alikuwa Bondeni, mmoja wa wale mia tatu, anangoja njia panda aambiwe pa kupita. Nilikuwa nimemtafuta kwenye tope kwa kumziba masikio yeye mwenyewe. Watu watatu, Erasto alisema. Hakusema akina nani, alikuwa mbali, aliona nguo tu. Nikaenda kumuuliza nguo gani. Akanitazama kwa mshangao, akasema mmoja alikuwa na mtandio wa njano.

Mwanaidi ana mtandio wa njano. Nusu ya wanawake wa mlima huu wana mtandio wa njano.

Saa mbili zilizofuata siwezi kuzieleza. Nilisafisha mtambo ambao ulikuwa safi. Mumewe Felista alikuja mbio kutoka shambani, tope hadi shingoni, akanishika mikono akaibusu, akasema mimi ndiye niliyemrudishia mke na kwamba wanawe watanikumbuka hadi kufa kwao. Nikamwangalia yule bwana na nilitamani aondoke. Na papo hapo nilifurahi kwamba Felista yu hai. Vyote viwili vilikuwa ndani yangu, na hakuna kilichompisha mwenzake.

Watu wa Bondeni walianza kufika kileleni saa sita. Walipanda kwa njia ya shule, wameloa, kila mmoja na alichookoa. Nikasimama mlangoni nikihesabu mitandio. Wa sitini na kitu alikuwa Mwanaidi, mtoto mgongoni, redio ya mtu mwingine mkononi.

Nilimkumbatia hadi mtoto akalia.

"Dada, unaniumiza. Kwani vipi?"

"Nilidhani umekufa."

"Mimi? Mimi nilikuwa kliniki." Kisha akakumbuka, akajiziba mdomo. "Felista! Dada, Felista ana kijibu changu!"

"Mzima. Wamemtoa."

Akashusha pumzi, akaanza kulia. Erasto alikuwa ametoka studio, akasimama nyuma yangu. Mwanaidi akamwona, akamnyooshea ile redio.

"Kaka Erasto, hii ni ya Bi Mwantumu. Aliniachia nimshikie ajifunge vizuri, halafu..." Akashindwa. Akajaribu tena. "Ulituambia tusimame njia panda. Tukasimama. Redio ikanyamaza. Mlima unanguruma nyuma yetu, watu wanapiga kelele twende daraja, ndiyo njia tuliyoizoea. Bi Mwantumu akakataa. Akasema, tulieni, mtambo umekufa kidogo, fundi wetu hawezi kuuacha hivyo, atairudisha sasa hivi. Tukangoja. Tukangoja, dada. Watoto wanalia. Mwishowe akasema basi, ngoja mimi niende nikalijaribu hilo daraja, mkiona limenishika mje. Wakamfuata mzee Mntangi na mkwewe, Joha. Walikuwa hawajafika hata katikati wakati..."

"Ilinyamaza vipi?" Erasto akauliza.

"Ilinyamaza tu."

"Ilikoroma? Ilifanya mkwaruzo?"

"Hapana, kaka. Kimya kabisa. Mwanzoni tulidhani unavuta pumzi."

Mtambo ukizimika, redio hukoroma, kila mtu aliyekaa na redio analijua hilo. Redio isiyokoroma maana yake wimbi lipo, ila sauti imeondolewa, na wimbi halijiondolei sauti lenyewe. Erasto amefanya kazi na mimi miaka kumi na tisa. Nilimwona akilifikia polepole, kama mtu anayepanda ngazi asizotaka kuzipanda. Kisha akageuka akanitazama.

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

"Niliona redio imenyamaza, nikafikiri ni betri," Mwanaidi akaendelea, hakujua lolote. "Sijui nini kiliharibika huko kwenu. Dada, nini kiliharibika?"

Erasto hakumjibu badala yangu. Alirudi studio, akaandika kwa kalamu kwa muda mrefu, akatoka na karatasi moja. Nilijua ni nini. Matangazo ya vifo, ya saa saba. Kila siku anayasoma yeye, na watu wanasema marehemu akitangazwa na Erasto amezikwa nusu.

Akaniwekea karatasi mkononi.

"Leo soma wewe," akasema.

"Erasto, mimi si mtangazaji."

"Najua."

"Na Felista? Felista yu hai, Erasto. Ningekusikiliza wewe angekuwa maiti sasa hivi."

"Najua hilo pia," akasema. Uso wake ulikuwa umechoka tu. "Hilo kaliseme huko ndani. Mimi siwezi kulipima, na hao walio nje ndio waliofiwa."

Nikaingia. Kiti cha Erasto ni kirefu kwangu, miguu ilining'inia. Nje ya dirisha niliona ua umejaa, watu wamezunguka redio tatu au nne, na Mwanaidi katikati yao akimnyonyesha mtoto, ile redio ya Bi Mwantumu imewekwa kwenye paja lake. Taa nyekundu ikawaka. Sauti iliyotoka haikuwa nzuri, ilikuwa nyembamba na ya mkwaruzo, nikashangaa kwamba hiyo ndiyo sauti yangu.

"Hii ni Redio Kwemlindi," nikasema. "Tunasikitika kutangaza kifo cha Bi Mwantumu Hoza wa Bondeni, kilichotokea leo saa tatu na nusu asubuhi kwenye daraja la Mto Mkolo. Tunasikitika kutangaza kifo cha mzee Ayubu Mntangi, na cha mkwewe, Joha Mntangi, mahali hapo hapo na saa hiyo hiyo. Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo."

Karatasi iliishia hapo. Nje Mwanaidi aliinua kichwa, ameitambua sauti, akatabasamu kidogo kwa mshangao katikati ya machozi yake.

"Anayewasomea ni fundi wenu wa mitambo," nikasema, "yule ambaye hamjawahi kumsikia. Naitwa Hidaya Singano. Leo asubuhi redio haikuharibika. Niliinyamazisha mimi kwa mkono wangu, dakika nne, na ilipofika ya tatu nilijua kuna watu wanaangamia, nikaiacha. Sasa nitawaeleza kwa nini, halafu nitatoka hapo nje."

Mwanaidi alikuwa ameacha kutabasamu. Niliendelea kusema, na sikuondoa macho yangu kwake.